Mkono wa Baba Mkwe

Baba yangu nimemwogesha miaka miwili, na sisemi hivyo ili nisifiwe. Nasema ili mjue nilikuwa na hasira kiasi gani siku nilipompigia simu wifi yangu.

Mzee Jailos ana miaka sitini na tisa, na ugonjwa wake wa kwanza ni ubishi. Bega lilikuja baadaye. Alipanda ngazi kuchuma maparachichi shambani kwetu, juu ya Uyole, siku ambayo vijana wa kuchuma walikuwapo watatu na kazi wanaijua. Alisema wanachuma machanga. Ngazi ikateleza, akaangukia bega la kulia. Hospitali hakutaka. Akaenda kwa fundi wa mifupa huko milimani, akafungwa vijiti vya mwanzi wiki tano, akakandwa maji ya moto, akaambiwa mfupa unaitika. Haukuitika. Alipofunguliwa, mkono ulikuwa unaning'inia, na tangu siku hiyo haujapanda kupita kitovu.

Mwanamume asiyeweza kuinua mkono wa kulia hawezi kuvaa shati, hawezi kufunga mkanda, hawezi kujisugua mgongo. Mama alishatangulia mbele za haki. Ndugu yangu Isaka anaishi Iringa. Nikabaki mimi, Damari, niliyekuwa nafuata mchele mashineni Ubaruku na kuuuza Mbeya mjini, mwenye wateja walionijua kwa jina. Wateja wale sasa wanamjua mtu mwingine. Nilijifunza kumwogesha baba yangu mzazi huku nimegeuza uso, naye amegeuza wake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzoea. Kama kuna mtu anaona hilo ni jambo la baraka, aje alifanye yeye.

Hatimaye nilimburuta hadi hospitali. Daktari akainua picha ya eksirei dirishani.

"Kichwa cha mfupa kimekufa, mama," akasema. "Hiki hakiungwi tena. Kinatolewa, anawekewa bega la bandia. Sisi hapa tunabadilisha nyonga na magoti. Kwa bega, nenda Iringa, kuna mama mmoja bingwa sana."

Akaniandikia jina. Nikalisoma, nikakikunja kile kikaratasi, nikakitia kwenye pochi.

Kwa miezi mitatu nilitafuta daktari mwingine yeyote. Nilipiga simu Dar, wakaniambia foleni, halafu wakaniuliza kwa nini siendi Iringa. Niliuliza kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Mama mmoja alinielekeza kwa mpwa wake anayefanya kazi chumba cha upasuaji huko mbali, naye akasema, "Shangazi, mbona mko karibu na Iringa?" Kila niliyemuuliza alimalizia kwa jina lile lile, kana kwamba wote walikaa kikao. Jina lenyewe lilikuwa la mke wa Isaka.

Sasa lazima niwaeleze jambo la kwetu. Sisi ni Wanyakyusa, na kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Tunaita ukutila. Mkwe akipita, mkamwana anajificha au anageuka. Hamsalimii, hamtazami, hakai naye chumba kimoja. Siku hizi watu wa kanisani wamelifupisha jambo hilo. Siku ya harusi baba mkwe anamwita bibi harusi mbele ya mashahidi, anampa mkono wake wa kulia, anamsalimia, basi, yamekwisha. Tangu hapo ni mtoto wake. Anampikia, anamhudumia, akiugua anamuuguza. Ni kazi ya dakika tano, na wengine hata hawasimamishi muziki.

Baba alikataa kuutoa mkono. Isaka alioa mwanamke wa Iringa, wa Kilolo, akabaki huko huko kwa wakwe zake, na baba alisema hawezi kumfungulia mtu aliyemwibia mtoto wa kiume. Alidhani watamwomba. Hawakumwomba. Basi mama alipokuwa hai Yusta alikuwa akija kwetu mara moja kwa mwaka na kuingilia nyuma, anasalimiana na mama jikoni, anaondoka bila baba kuuona uso wake. Hata picha ya harusi baba aliamuru itolewe sebuleni.

Halafu mama alifariki. Ilikuwa mwezi wa tatu, mnajua mvua ya kwetu ya mwezi wa tatu. Waombolezaji walijaa uani, baba amekaa katikati yao, na Yusta akaja na mtoto mchanga mgongoni akitaka kumzika mama mkwe wake. Baba alinong'ona nami nikapeleka amri: akae nyuma ya jiko. Nyuma ya jiko hapana paa. Alikaa siku mbili chini ya turubai la kufunikia kuni. Mimi ndiye niliyempeleka pale, na nitasema kweli kwa sababu hakuna anayenilazimisha: nilifurahia kidogo. Alikuwa amesoma kunizidi.

Ndiyo maana mliponikuta na simu mkononi Jumamosi ile asubuhi, nilikuwa natamani isipokelewe.

"Daktari Yusta hapa."

"Wifi, ni mimi Damari."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi umekosea namba."

"Yusta, ni bega la baba. Limekufa, wanasema libadilishwe, na kila mtu ananitaja wewe."

"Baba yupi? Mimi baba wa Mbeya sijawahi kumwona."

Nilimwacha aseme. Alisema mengi, kwa sauti ya chini, na yote yalikuwa ya kweli, na ukweli ukiambiwa na mtu usiyempenda unauma mara mbili. Nikasikia kalamu ikigongagonga meza.

"Mlete Jumanne saa mbili," akasema. "Usimwambie daktari ni nani, maana hatapanda basi. Nitampima kwanza. Nikimaliza, utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele yangu. Hapa hapasuliwi mtu asiyejua yuko mikononi mwa nani."

"Na akikataa?"

"Mmenizoesha kukataliwa," akasema, akakata simu.

Baba nilimwambia tunakwenda Iringa kwa daktari bingwa. "Mwanamke?" akauliza. Nikasema ndiyo. Alinuna toka Uyole hadi Makambako. Pale Nyololo basi liliposimama watu wachimbe dawa, yeye naye akashikwa. Hakutaka kusaidiwa na mwanamume asiyemjua, kwa hiyo niliingia naye choo cha wanaume, nikamfungua mkanda, nikatazama ukuta, nikamfunga mkanda. Wanaume wanne walitutazama tukitoka. Mmoja akasema, "Pole mama." Nilitamani kumtukana, na yeye hakuwa na kosa lolote. Pale mlangoni niliapa kwamba sitarudi Mbeya nikiwa na kazi ile.

Tulilala gesti, na Jumanne saa mbili tulikuwa hospitalini, hospitali ya misheni yenye maua mengi kuliko viti. Nesi mmoja, Bertha, alituingiza chumba cha daktari, nikamvua baba shati na fulana, akakaa juu ya kitanda kifua wazi, mbavu zinahesabika. Yusta akaingia amevaa barakoa na kofia ya kijani. Macho tu ndiyo yalionekana. Hakunitazama.

Alipoweka mikono yake juu ya lile bega, niliona jambo ambalo sikulitaka. Baba alitulia. Miaka miwili kila ninapomgusa anapiga kelele, na huyu aliubeba mkono wake wote kuanzia kwenye kiwiko, akauzungusha taratibu, akauliza hapa, na hapa je, naye akawa anajibu vizuri kama mtoto wa shule ya Jumapili.

"Mikono yako myepesi, mwanangu," baba akasema. "Huyu wangu ananivuta kama anang'oa muhogo."

"Anaanza kukuvalisha mkono upi?"

"Huu mzima."

"Anakosea. Unaanza na mbovu." Akaendelea kupima. Miaka miwili ya kelele, kumbe nilikuwa nafanya kinyume, na hakuna daktari hata mmoja aliyenipa neno hilo. Nilitaka kujificha chini ya meza.

Baba sasa alikuwa amechangamka. "We mtu wa wapi?"

"Wa huku huku."

"Ah! Mimi kijana wangu ameoa huku huku. Mkewe naye yuko hospitali, sijui anagawa dawa, sijui anafanya nini. Mwaka wa tisa huu. Unajua hajawahi kunisalimia? Hata siku moja! Baba mkwe wake nimevunjika bega, miaka miwili, hata kuja kusema pole mzee, hapana. Watu wa huku hawana adabu, samahani lakini, si wewe."

Bertha akajifanya anapanga mabandeji. Mimi nilitazama sakafu. Mikono ya Yusta ilikuwa bado juu ya bega, na ilikaa pale pale, haikubana wala haikuachia.

"Labda alikatazwa kukusalimia," akasema.

"Mwanamke mwenye heshima hakosi njia."

Yusta akamwachia. Akavua glovu moja, akavua ya pili, akazitupa. "Damari," akasema. "Mwambie."

Nilidhani nimejiandaa. Toka Jumamosi nilikuwa nimeyapanga maneno, na yote yakapotea.

"Baba," nikasema, "huyu ndiye mke wa Isaka."

Yusta alishusha barakoa. Na papo hapo, kabla baba hajageuka, yeye mwenyewe akageukia ukuta. Miguu yake ilifanya hivyo bila ruhusa yake. Niliona mgongo wake ukitetemeka kwa hasira ya kujikuta amegeuka. Baba naye aliruka kutoka kitandani, mkono wake wa kushoto umefunika kifua, akageukia ukuta wa pili. Basi wakasimama hivyo, watu wazima wawili, mmoja anatazama kalenda, mwingine anatazama beseni la kunawia, na mimi katikati nimeshika shati.

"Nivalishe," baba akasema.

"Sikuvalishi."

"Damari! Nipo uchi mbele ya mkamwana! Nivalishe, twende!"

"Vaa mwenyewe."

Nikaliweka shati kitandani. Alilichukua kwa mkono wa kushoto. Alijaribu kulirusha begani, likaanguka. Akainama, akaliokota, akajaribu tena, safari hii akakanyaga mkono wa shati na karibu aanguke. Nilikuwa nalia na sikusogea. Yusta alikuwa anasikia yote, na yeye pia hakusogea.

Baba alipochoka, akaongea na beseni. "Mwambie amefanya vibaya. Amenishika bila kuambiwa."

"Mwambie nimemshika kama mgonjwa," Yusta akaiambia kalenda. "Na mwambie hivi. Miaka tisa nangoja mkono wake. Leo upo hapa na shahidi yupo, nesi Bertha ni mzee wa kanisa. Kama hataki kuutoa, basi la Mbeya linaondoka saa sita."

"Ananitishia!"

"Mwambie simtishii. Namtajia saa ya basi."

Baba aliendelea kulitazama beseni. Nje mtu alikuwa anafyeka majani, fyuu, fyuu. Nilijua anachokifikiria, kwa maana namjua mtu huyu kuliko anavyojijua. Alikuwa anafikiria choo cha Nyololo. Kwenda kulikuwa kubaya, na kurudi ni njia ile ile.

Akageuka. Akautoa mkono wa kushoto.

"Amekupa mkono," nikasema.

Yusta hakuhitaji kutazama. "Upi?"

"Wa kushoto."

"Kwetu Kilolo mkono wa kushoto haupokei hata chumvi."

"Wa kulia haupandi!" baba akapiga kelele, na kwa hasira akasahau kupitia kwangu, akamwambia moja kwa moja. "Si unajua haupandi? Si wewe umeupima?"

"Najua," Yusta akasema, naye akageuka. Walitazamana usoni. Sijui baba alitegemea kuona nini. Aliona mwanamke wa miaka arobaini, ana kovu dogo kwenye kidevu, amechoka, hajatabasamu.

Baba aliushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kwenye kifundo, akauinua kama anayebeba kitu cha mtu mwingine. Jasho lilimtoka. Ulifika kitovuni, ukakwama, akaung'ang'aniza ukapanda tena kidogo, na sauti iliyomtoka pale sijawahi kuisikia hata siku aliyoanguka. Yusta aliungoja. Angeweza kupiga hatua moja akaupokea chini, lakini aliungoja ufike mbele yake. Ndipo akaupokea kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, baba." Alisema akiwa wima, bila kupiga goti.

"Marahaba," baba akasema. Halafu, kwa shida, "Mwanangu."

"Amina," akasema Bertha, maana wazee wa kanisa hawawezi kujizuia.

Yusta akakaa mezani, akavuta faili, akaanza kuandika. "Upasuaji ni Alhamisi asubuhi. Atakupasua Dokta Tadeo. Amerudi kutoka masomoni juzi juzi, mabega tumeshabadilisha manne pamoja."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Tadeo? Si wewe?"

"Mimi simpasui baba mkwe wangu. Daktari hapasui watu wake."

"Kwa hiyo kulikuwa na daktari mwingine. Tangu lini?"

"Tangu uliponipigia. Kitanda niliandikisha Jumamosi ile ile."

"Hata asingekupa mkono?"

"Hata angenitemea mate." Akageuza ukurasa. "Mgonjwa ni mgonjwa. Mlidhani nitamwacha mzee na mfupa uliokufa kwa sababu ya salamu? Ndivyo mnavyotufikiria watu wa huku?"

"Umenidanganya," baba akasema.

"Niliwatajia saa ya basi, baba. Lipo. Sita kamili."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumwambia pole ya ile mvua, nikaghairi. Huwezi kumwomba radhi mtu ambaye ametoka tu kukugaragaza hivyo. Alikuwa amechukua haki yake yote, na chenji.

Sasa akaanza kunipangia. Hakuinua hata kichwa. Baba akitoka chumba cha upasuaji mkono utafungwa shingoni wiki sita. Hataoga mwenyewe, hatavaa mwenyewe, choo asaidiwe. Baada ya hapo mazoezi hapa hapa kila wiki, si chini ya miezi mitatu, kwa hiyo atakaa nyumbani kwa Yusta na Isaka. "Nesi atakufundisha namna ya kumwogesha bila kulowesha kidonda," akasema. "Na wifi, tafadhali, anza na mkono mbovu."

"Atanifundisha mimi?"

"Nani mwingine?"

Nilimtazama. Hakuwa ameona. Msomi mzima, bingwa wa Nyanda za Juu zote, hakuwa ameona. Alikuwa ameutaka ule mkono miaka tisa, lakini kwetu amewahi kukaa wapi, maskini, zaidi ya nyuma ya jiko? Nani angemwambia unakuja na nini?

"Wifi," nikasema, na nilisema kwa upole kabisa, "mkamwana asiyepewa mkono haruhusiwi kumgusa mkwe wake. Ndiyo maana miaka miwili nimefanya peke yangu, na sijakulaumu. Lakini wewe leo umepewa. Umepewa wa kulia, mbele ya shahidi. Kwetu binti aliyeolewa au asiyeolewa hamwogeshi baba yake wakati mkamwana yupo nyumbani. Ni aibu kubwa. Watu watasema humheshimu."

Kalamu ilisimama.

"Mimi nina wodi," akasema. "Nina wagonjwa thelathini."

"Isaka yupo. Mtapangana."

"Isaka hawezi hata kumwogesha mtoto!"

"Atajifunza. Mimi nilijifunza."

Nikaweka mfuko juu ya faili lake. Sabuni, taulo, kitambaa cha mgongoni, suruali mbili za mpira kiunoni ambazo hazihitaji mkanda. Nikamwonyesha moja moja. Bertha alikuwa ameziba mdomo kwa bandeji.

"Damari," baba akaita. Alikuwa bado amesimama kifua wazi, shati liko sakafuni. "Unakwenda wapi?"

"Kuwahi basi la saa sita."

"Nani atanivalisha?"

Nilifungua mlango, nikatoka kwenye korido. Nyuma yangu alianza kuniita, na anajua kuniita. Ile sauti imenitoa shambani, imenitoa sokoni, imenitoa hata kanisani katikati ya wimbo. Damari! Nikapita foleni ya wagonjwa. Damari! Nikapita dirisha la dawa. Damari! Miguu ilisita, na mimi nikailazimisha.

Mara ya nne hakuniita mimi. Aliita, kwa sauti ya mzee anayeomba, "Yusta."